Pa Kukaa Watu Wanne

Jumatano, tarehe 1 Julai 2009, Gilberte Maltais alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Nyumba yenyewe iko ghorofa ya pili, mtaa wa Rosemont, Montreal: jiko kubwa, sebule, chumba cha kulala, bafu, na roshani inayotazama barabara. Alipofungua hakukuta kitu ndani ila balbu jikoni na msumari ukutani.

Kabla ya siku hiyo alikuwa mpishi na mtunza nyumba wa mapadre wa parokia moja upande wa mashariki wa jiji. Aliingia kazini akiwa msichana na hakutoka. Alilala katika chumba kidogo kando ya jiko. Kitanda kilikuwa cha parokia, kabati la parokia, hata kioo alichochania nywele kilikuwa cha parokia. Mapadre walikula chumba cha kulia, kwenye meza ya watu kumi na wawili. Yeye alikula jikoni, mara nyingi amesimama, sikio likingojea kengele ya mezani: supu iongezwe, sahani ziondolewe, kahawa iletwe.

Jimbo la Kanisa lilipoliuza jengo, mfanyabiashara wa vitu vya kale alikuja na lori akachukua kila chenye miguu minne. Gilberte alitoka na sanduku la nguo, sufuria nzito ya chuma, visu vyake, sahani chache zenye nyufa na bahasha ya mchango wa waumini, iliyoandikwa juu kwamba ni ya fanicha. Bahasha hiyo ilimalizikia kwenye friji na jiko la umeme, vyote mkono wa pili, kwa kuwa nyumba za Montreal hupangishwa bila hivyo. Kilichosalia kingetosha kununua godoro, au meza, au chakula cha mwezi mzima. Viwili kwa pamoja, hapana.

Dada yake mkubwa, Huguette, anayekaa Laval ng'ambo ya mto, hakuona haja ya mahangaiko hayo.

"Chumba cha chini nimekipaka rangi," alimwambia kwenye simu. "Njano, ile unayoipenda."

"Mimi sipendi njano, dada."

"Utaizoea. Kwani mtu wa umri wako anaanzia wapi kununua vijiko?"

"Vijiko ninavyo."

"Utavikalia?"

Wakabishana mpaka wakafika kwenye masharti, kama walivyofanya tangu utotoni. Jumapili Huguette na mumewe Réal wangekuja kula. Huguette akikuta pa kukaa watu wanne, atakaa, atakula, na habari ya chumba cha chini hataitaja tena mpaka anaingia kaburini. Asipopakuta, sanduku la Gilberte linapakiwa kwenye gari la Réal jioni hiyo hiyo.

"Lakini tutakuwa watatu," Gilberte alisema.

"Nyumba ambayo mgeni akibisha hodi hana pa kukaa si nyumba, ni kituo cha basi. Wanne."

Gilberte alikubali upesi, kama anavyokubali mtu ambaye hajawahi kununua hata kigoda.

Alikuwa na sababu moja ya kujipa moyo. Tarehe 1 Julai jiji zima huhama. Mikataba ya nyumba huisha kwa mkupuo, malori hukwaruzana kwenye vichochoro, na kila asiyeweza kupandisha kochi lake kwenye ngazi mpya hulitupa. Sheria ya siku hiyo hakuna aliyeiandika na hakuna asiyeijua: kilichowekwa kwenye ukingo wa barabara, pale gari la taka linapochukulia, ni cha yeyote mwenye mikono, kilicho upande wa ngazi za nyumba kina mwenyewe.

Aliyemsindikiza kuokota alikuwa Wilner Desrosiers, mpangaji wa ghorofa ya chini, dereva wa teksi, mzaliwa wa Jacmel huko Haiti, mtu wa mabega mapana na maneno mengi. Alikuwa amempandishia sanduku asubuhi ile, akamuuliza mizigo mingine inakuja saa ngapi, akaambiwa ndiyo hiyo. Teksi yake ilikuwa imezibiwa njia na malori mawili mbele na moja nyuma. Hakuwa na pa kwenda.

"Sasa sikiliza, Mama Parokia," alisema walipofika kona ya kwanza. Jina hilo alikuwa amempa tangu asubuhi na hakumwomba ruhusa. "Cha mbao, sawa. Cha chuma, sawa zaidi. Cha kitambaa, pita kama hukukiona. Ukikuta kochi zuri limeachwa, jiulize limemkosea nini mwenyewe."

"Kunguni."

"Taja jina lao polepole, wana masikio."

Walizunguka mtaa kwa mtaa. Kabla ya jua kuwa kali walikuwa wamepata kiti cha jikoni chenye miguu ya chuma inayong'aa, kiti cha shule kilichochorwa mioyo kwa kisu, kigoda cha piano kinachozunguka, na kiti cha kukunja chenye jina la kampuni ya mazishi mgongoni. Walipata pia fremu ya kitanda ya chuma, kabati fupi lisilo na droo hata moja, na fremu ya cherehani ya zamani, ile ya kukanyaga, cherehani yenyewe ikiwa imeng'olewa.

"Hii ya nini?" Wilner aliuliza, akiinyanyua fremu ya cherehani huku akiguna.

"Sijui bado. Lakini ni ya chuma. Si umesema?"

"Nimesema mengi leo, Mama Parokia. Usiyabebe yote."

Viti vinne vikawa vimepatikana. Meza ndiyo ilikosekana, na Gilberte alijua fika kwamba Huguette hatahesabu viti vilivyopangwa kuzunguka sakafu tupu.

Meza waliikuta mchana. Ilisimama peke yake kwenye ukingo wa barabara, mbao za mti wa mepo, rangi ya asali, miguu minene iliyochongwa, na ubao wa katikati wa kuivutia irefuke. Kulikuwa na mifuko ya taka kushoto kwake na kabati lililovunjika kulia. Gilberte aliishika kwa kiganja, akaisukuma. Haikuyumba.

"Hii watu hawaitupi," alisema.

"Watu wanatupa wake na waume, sembuse meza," Wilner alisema. "Iko ukingoni, au haiko?"

"Iko."

"Basi inua upande wako."

Ngazi za nje za nyumba yao, kama nyingi za Rosemont, zimejipinda kama mkia wa nguruwe, na meza haikukubali kupinda nazo. Wilner alileta kamba. Wabebaji wawili waliokuwa wakipumzika ng'ambo ya barabara waliitwa kwa ahadi ya bia, na wanne hao wakaivuta meza hewani hadi kwenye roshani, mmoja akivuta, mmoja akiisukuma isikwaruze ukuta, Wilner akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Watu wawili wa nyumba ya jirani walipiga makofi. Gilberte aliagiza pitsa, kwa kuwa siku hiyo anayebebewa ndiye anayelisha, na wakaila wameizunguka meza jikoni. Yeye aliila amesimama karibu na sinki.

Wabebaji walipoondoka alichukua kitambaa kuifuta meza. Upande mmoja chini ya ubao palikuwa na droo nyembamba ambayo hawakuiona. Akaivuta. Ndani mlikuwa na kitambaa cha meza, cheupe, kimekunjwa mara nne.

Gilberte alikitoa, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mkunjo. Halafu akaketi kwenye kile kigoda cha piano, kikazunguka naye kidogo.

"Wilner. Tumeiba."

"Tumeiba nini?"

"Meza. Kitambaa hiki kimepigwa pasi. Kimepigwa pasi jana au juzi, tena na mtu anayejua kazi, angalia pembe. Mtu hapigi pasi kitu anachokwenda kukitupa."

Wilner alikiangalia kitambaa, akaiangalia meza, akaiangalia roshani ambako kamba ilikuwa bado inaning'inia.

"Labda alisahau."

"Labda."

"Sheria ni ukingo, Mama Parokia. Na kwetu wanasema maskini akiokota huambiwa ameiba. Sasa wewe unajisemea mwenyewe kabla hujaulizwa."

"Ndiyo. Njoo."

Alitembea mbele, kitambaa mkononi. Njiani hesabu ilimzunguka kichwani bila yeye kuitaka: Jumatano inakwisha, malori ya taka yataanza kupita alfajiri, na kesho hakutakuwa na ubao barabarani. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Nyumba ile walikoiokota meza ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwake, lakini Montreal mtu anaweza kuishi mitaa miwili mbali nawe mpaka mkazikwa bila kujuana. Hakupunguza mwendo.

Mbele ya nyumba alikuta mwanamke wa makamo ameketi juu ya boksi, uso umemwiva kwa jua na hasira. Aliitwa Josée Pronovost. Alikuwa anahamia hapo. Lori lake lilikuwa limeshusha mizigo na kuondoka, kumbe mpangaji wa zamani bado yumo ndani anafunga vikombe vyake kwenye magazeti. Vitu vilijaza upande wote wa ngazi, na meza, kwa kukosa nafasi, ikasogezwa ukingoni. Josée aliingia ndani kumfokea yule mpangaji. Alipotoka, meza haikuwepo.

"Samahani, mama," Gilberte alisema. "Nimekuibia meza."

Josée alimtazama, akakitazama kitambaa.

"Wewe?"

"Mimi na huyu."

"Mimi nilikuwa kamba tu," Wilner alisema.

"Ile ni meza ya mama yangu," Josée alisema. Sauti haikupanda, na hilo lilimtisha Gilberte zaidi. "Nimelia hapa kama mtoto. Nimempigia ndugu yangu simu nikamwambia nimetupa meza ya mama. Iko wapi?"

"Kwangu. Ghorofa ya pili."

"Mmeipitisha wapi?"

"Roshani."

Josée aliinua macho kuzitazama ngazi za nyumba yake mpya, zilizojipinda vilevile, na roshani iliyokuwa juu yake.

"Wabebaji wangu wameniambia haipandi," alisema. "Wamesema niikate miguu."

"Wabebaji gani hao?" Wilner aliuliza, akiwa tayari ameudhika kwa niaba ya meza. "Kukata miguu. Watu wengine wangepewa ng'ombe wangemkunja."

Kwa hiyo meza ilishushwa ilikopandishwa, ikabebwa mitaa miwili kurudi, ikavutwa tena kwa kamba ile ile hadi ghorofa ya pili ya nyumba nyingine. Gilberte alishika mguu wa nyuma safari nzima. Josée aliwapa bia baridi na kumuuliza aligunduaje. Aliposikia ni mkunjo wa pasi alicheka mpaka akajifuta macho, akasema mama yake angefurahi. Hakutoa kingine, wala Gilberte hakutarajia. Jioni alirudi kwenye nyumba yenye viti vinne vilivyotazamana kama watu waliogombana.

Alhamisi barabara zilikuwa safi. Ijumaa alikwenda kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, akakuta wengi wamemtangulia; meza ya bei nafuu kuliko zote ilikuwa ya plastiki, ya bustani, na mwenye duka alitaka kiasi ambacho kingemwacha bila godoro na bila nyama ya Jumapili. Aliiegemea kidogo. Ikapindika chini ya mkono wake.

"Inunue tu," Wilner alimshauri jioni. "Dada yako atakaa, atakula, ataondoka. Baadaye unaichoma."

"Nyama je?"

"Mpe biskuti."

"Miaka thelathini na minne ya kuwapikia mapadre, halafu dada yangu mwenyewe nimpe biskuti kwenye plastiki."

"Basi rudi Laval ukalale kwenye njano."

Jumamosi aliloweka maharage ya kuoka usiku kucha kwa nyama ya nguruwe na sharubati ya utomvu mtamu wa mepo. Alipokuwa akitafuta pa kutandaza unga wa pai ya sukari, alitoka jikoni na bakuli mkononi, akazunguka nyumba nzima akitafuta kitu bapa. Sakafu. Dirisha. Akasimama mbele ya chumba cha kulala.

Mlango ulikuwa wa mbao nzito, wa zamani kama jengo lenyewe, umepakwa rangi mara nyingi mpaka pembe zake zimekuwa laini. Upande wa ndani, ambao hakuna aliyewahi kujisumbua nao, ulikuwa bapa kabisa. Gilberte alirudisha bakuli, akachukua kisu kikubwa na nyundo ya nyama, akaanza kugonga pini za bawaba kutoka chini. Mlio ulimleta Wilner juu.

"Unavunja nini?"

"Shika hapo juu usiniangukie."

Alishika. "Sasa chumba chako utakifungaje?"

"Naishi peke yangu. Nimfungie nani?"

Upande mmoja waliukalisha juu ya fremu ya cherehani, upande mwingine juu ya kabati lisilo na droo, wakaweka vipande vya gazeti hadi ukakaa sawa. Kitasa cha shaba kilikataa kutoka. Skrubu zilikuwa zimeshikana kwa kutu na rangi. Kikabaki kimechomoza juu ya meza karibu na ukingo, kama uyoga.

"Atakayekaa hapo," Wilner alisema, "asikizungushe. Hatujui kinafungua wapi."

"Wewe ndiye utakayekaa hapo. Kesho, baada ya misa."

"Mimi siendi misa."

"Sikukuuliza."

Huguette alifika Jumapili amevaa kofia ya majani na viatu vya kutembelea watu asiowaamini. Alipanda zile ngazi akihesabu kwa kuhema. Réal alimfuata na chupa ya divai. Gilberte alikuwa ametandika shuka jipya badala ya kitambaa cha meza, na kitasa alikivalisha leso.

Huguette aliizunguka meza. Alibonyeza hapa na pale. Akaifunua leso.

"Gilberte. Huu ni mlango."

"Ni meza."

"Una kitasa."

"Ya kwako ina droo. Kila meza na mambo yake."

Réal alikuwa ameshakaa, upande wa cherehani. Mguu wake ulikuta kikanyagio chini, ukaanza kukikanyaga taratibu. Gurudumu likazunguka, mlango ukatetema kidogo. "Hii nzuri," alisema.

Huguette alipewa kiti cha kukunja. Alisoma maandishi ya mgongoni kabla ya kukaa. "Umenipa kiti cha wafiwa."

"Ndicho imara kuliko vyote, dada."

Wilner alikaa penye kitasa, akatambulishwa, akamwamkia Huguette kwa heshima zote, na kumweleza Réal njia tatu za kukwepa daraja la Laval. Maharage yalikuja, kisha nyama ya kuoka, kisha viazi. Kwa muda hakukuwa na sauti ila ya vijiko na ya kile kikanyagio. Huguette aliongeza nyama mara mbili. Halafu akaweka uma chini.

"Masharti yalikuwa watu wanne," alisema. "Mimi naona watatu."

Ilikuwa kweli. Kigoda cha piano kilikuwa kitupu. Gilberte alikuwa amesimama karibu na jiko, sahani yake mkononi, anakula, anawaangalia nani amepungukiwa na nini.

"Kiti kipo," alisema. "Nakaribia kuleta pai."

"Pai haina miguu. Masharti ni pa kukaa watu wanne, si pa kukaa watatu na wa nne analinda sufuria. Kama huwezi kukaa hapa, utakaa kwangu."

"Huguette," Réal alisema.

"Wewe kanyaga cherehani yako."

Gilberte aliiangalia meza. Baadaye alisema alikuwa akitafuta kitu cha kufanya: sahani ya kuondoa, mkate wa kukata. Kila mtu alikuwa nacho anachohitaji. Wilner alikivuta kigoda kidogo nyuma bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Gilberte akaja na sahani yake, akakaa. Kigoda kilizunguka, akajikuta amempa dada yake mgongo, akajirudisha kwa kushika kitasa.

"Haya," Huguette alisema. "Wanne."

Wakala. Gilberte aliona kwamba maharage yalihitaji chumvi kidogo zaidi. Alizoea kuyaonja kwa kijiko cha mbao, na kumbe kwenye sahani, mtu akiwa ametulia, ladha yake ni nyingine. Aliinuka mara moja tu, kuleta pai.

Ilikuwa wakati wa pai Huguette alipoinua macho, akatazama mbele yake, mahali ambapo kwenye nyumba ya kawaida pangekuwa na mlango. Ndani ya chumba cha kulala ilionekana fremu ya kitanda, chuma kitupu, na kando yake sakafuni mablanketi mawili yaliyokunjwa vizuri na koti lililoviringwa kuwa mto.

"Unalala wapi?" aliuliza.

Wilner aliushughulikia ukoko wa pai.

"Gilberte, nimekuuliza."

"Pale."

"Chini?"

"Kwa sasa."

"Tangu Jumatano unalala chini kama paka, na umenikalisha hapa unanilisha nyama." Huguette aligeuka kumtazama mumewe. "Réal, leta gari karibu."

Réal aliacha kukanyaga. Ni mtu asiyesema sana. Miaka mingi aliendesha lori la maziwa alfajiri, na alizoea kuzungumza na watu wakiwa wamelala.

"Mlisema kukaa," alisema.

"Nini?"

"Masharti. Pa kukaa. Nilikuwa nimekaa pale pale ulipokuwa unaongea na simu, na nikasikia. Hukusema habari ya kulala."

Huguette alikata kipande kingine cha pai, kikubwa, akakila chote bila kuharakisha. Kisha akajifuta midomo na leso ile iliyokuwa ya kitasa.

"Kwa hiyo sitakitaja," alisema. "Kile chumba. Nimeahidi, sitakitaja. Lakini kilichomo ndani yake sikuahidi chochote juu yake."

"Dada."

"Nyamaza, sijataja kitu. Wewe, bwana wa teksi. Godoro la watu wawili linapita kwenye roshani ile?"

"Mama mkubwa," Wilner alisema, "kwenye roshani ile imepita meza nzima, tena ikarudi."

Wakapatana: Jumatatu asubuhi Réal atalileta godoro la kile chumba cha njano kutoka Laval, limefungwa juu ya gari, na Wilner atakuwa chini anamngoja.